Buku mlangoni ili uone sketi ya bibi yako

UE zimeisha, bumu halijatoka, na mie kama kawaida nimekaa na swali lisilo na maksi. Mtu anayekusanya vitu vya zamani kwa mapenzi yake tu, yaani sarafu, stempu, picha, vibuyu, shanga, akiamua kuvipanga mezani watu waje waone, ni haki awatoze kiingilio?

Limezuka hivi. Sisi tunaotoka Mbulu na Hanang tuna kakikundi ketu hapa chuoni, na likizo ndefu tunataka kufanya maonesho ya siku mbili pale Katesh. Vitu vipo vya kutosha. Kuna mwalimu mmoja mstaafu upande wa Dongobesh ana makopo matatu ya biskuti yamejaa sarafu, kuna picha za watu, kuna shanga na ngozi ambazo akina mama wamekubali kuzitoa kabatini kwa masharti. Kamati ikagawanyika katikati. Kundi moja linasema buku kwa kichwa, mwanafunzi jero. Kundi la pili linasema bure, nani atalipa kuona kibuyu wakati nyumbani kwao anacho? Kikao kikaisha watu wamenuniana, mie nikaambiwa "wewe si unasoma historia, kaandike". Haya nimeandika. Ni ndefu, chukua chai.

Nianze na neno lenyewe. Kiingilio hakikuanza na tiketi za mpira. Pwani mtu akitaka kuingia kwenye chama cha ngoma, au kujifunza uganga au ufundi kwa bwana fulani, alitoa kiingilio. Hiyo ilikuwa hela au kitu cha kukufanya uwe wa ndani. Ukishatoa, wewe ni mwenzetu, una haki ya kusema kwenye baraza. Kiingilio cha tiketi ni kinyume chake kabisa: unalipa, unaangalia, unatoka, na hujawa mtu wa ndani wa kitu chochote. Mie naona ubishi wetu wote wa kamati umejificha hapo, lakini tutafika.

Sasa, maonesho ya wakusanyaji Afrika Mashariki yametoka wapi? Nairobi, mwaka 1909, wazungu waliokuwa wanapenda kukusanya ndege, vipepeo, mimea na mafuvu ya wanyama walianzisha jumuiya yao, East Africa and Uganda Natural History Society. Hawa walikuwa watu wa hobi. Walikuwa maofisa, walowezi, wamisionari, kila mmoja na masanduku yake nyumbani, wakawa hawana pa kuyaweka. Mwaka 1910 wakapata chumba. Hicho chumba ndicho kilichokua hadi kuwa Coryndon Museum, iliyofunguliwa mwaka 1930 na kupewa jina la Robert Coryndon, gavana aliyefariki mwaka 1925 akiwa madarakani. Leo ndiyo makumbusho ya taifa ya Kenya. Kwa hiyo wanaotuambia kwamba hobi ni mchezo wa watoto waangalie pale Museum Hill kwanza.

Ila mlango wa kwanza wa hao wakusanyaji haukuwa wa pesa, ulikuwa wa ngozi. Mwafrika aliingia mle kama mtu wa kubeba sanduku au wa kuchuna ndege. Louis Leakey alipokuja kuisimamia miaka ya 1940 ndipo Waafrika na Wahindi wakafunguliwa mlango wa kuja kuangalia. Nalitaja kwa sababu kwenye kamati kuna mtu alisema "zamani mambo yalikuwa bure". Bure kwa nani? Mlango unaweza kukosa bei na bado ukafungwa. Kwetu Tanganyika makumbusho ya Dar es Salaam yalifunguliwa mwaka 1940, nayo yakaitwa ya Mfalme George wa Tano. Yaani gavana kule, mfalme huku. Aliyechonga kinyago au kushona ngozi hakupata hata kibao.

Kwenye habari ya bei yenyewe, hakuna darasa zuri kama London mwaka 1851. Wale waliosoma na mimi kozi ya mapinduzi ya viwanda mnaikumbuka Great Exhibition, ile nyumba ya vioo Hyde Park. Wakubwa walikuwa na hofu kweli. Miaka mitatu tu nyuma, mwaka 1848, Ulaya nzima ilikuwa imewaka moto wa mapinduzi, na London yenyewe ilikuwa na maandamano ya Wachartisti. Sasa unawakusanyaje makabwela na malkia chini ya paa moja la kioo? Wakatumia bei. Tiketi ya msimu ilikuwa gini 3 kwa mwanaume na gini 2 kwa mwanamke. Siku mbili za mwanzo za tiketi ya mlangoni ilikuwa pauni nzima, kisha shilingi 5, halafu kuanzia tarehe 26 Mei wakashusha hadi shilingi 1 kwa siku za Jumatatu mpaka Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi zikabaki ghali ili wenye nazo wasikanyagwe miguu.

Kikatokea nini? Hakuna aliyevunja kioo. Watu wa vijijini walikuja kwa treni na vikapu vya chakula. Kwa jumla waliingia kama milioni 6, na zaidi ya milioni 4 kati yao ni wa shilingi moja. Baada ya kulipa madeni ikabaki faida ya pauni 186,000 hivi, wakanunua ardhi Kensington Kusini, ndipo palipojengwa makumbusho makubwa ambayo leo mtu anaingia bure. Hapo kundi la buku wanashangilia: mnaona, kiingilio kimejenga! Ndiyo. Lakini angalieni vizuri ni nini kilichojenga. Ni bei iliyoshushwa. Wangeng'ang'ania pauni moja, wangepata matajiri wa mtaa mmoja na hasara.

Waingereza wenyewe hawajamaliza ubishi huu. Mwaka 1974 serikali yao iliweka kiingilio kwenye makumbusho ya taifa mwezi Januari, ikabadilika serikali, kikaondolewa mwezi Machi. Miaka ya 1980 kikarudi kwa mlango wa nyuma, makumbusho kadhaa yakaanza kutoza. Desemba 2001 kikaondolewa tena. Yaani nchi yenye hela zote zile imezunguka kwenye swali hili zaidi ya miaka 25. Kwa hiyo kamati yetu kununiana kwa wiki moja si aibu.

Kuna kiingilio kingine ambacho nikikisoma nasikia vibaya. Berlin, mwaka 1896, kwenye bustani ya Treptow, Wajerumani walifanya maonesho ya biashara, na ndani yake wakaweka maonesho ya makoloni. Mezani kulikuwa na katani na pembe za ndovu. Lakini pia waliwaleta watu, zaidi ya 100, kutoka Togo, Kamerun, Afrika Kusini Magharibi, New Guinea, na kutoka huku kwetu Afrika Mashariki, Waswahili na Wamaasai, wakae kwenye vijumba vya majani ili Mjerumani aliyelipa mlangoni awaone wanapika na kucheza ngoma. Mle ndani aliyelipa ndiye mtu, na aliyelipiwa ndiye kitu. Sisemi maonesho yetu ya Katesh yatakuwa hivyo, hapana, msinirukie. Nasema tu kwamba mtu anapoweka bei mlangoni anapanga pia nani atakuwa mwangaliaji na nani ataangaliwa. Kwa London 1851 aliangaliwa mtambo wa kusokota pamba. Kwetu ataangaliwa bibi.

Tuje sasa nyumbani, maana kwetu mkusanyaji si mtu wa mbali. Miaka ya 1934 hadi 1939 Mjerumani mmoja, Ludwig Kohl-Larsen, alizunguka upande wa Ziwa Eyasi, enzi hizo huko kote kukihesabika wilaya ya Mbulu. Alichimba pango la Mumba, alikusanya vipande vya fuvu la kale mwaka 1935, aliandika hadithi za Wahadzabe, Wadatoga na Wairaqw kutoka midomoni mwa wazee, na alichukua vitu. Vikasafiri kwenda Ujerumani. Alikuwa pia mwanachama wa chama cha Nazi, hilo nalo lisisahaulike tunapomsifia kwa hadithi alizotuhifadhia. Wazee waliomsimulia hawakupata tiketi ya kwenda Tübingen kuona.

Halafu kuna sketi. Kwa Wairaqw kulikuwa na marmo, jando la wasichana, ambapo mabinti walikaa ndani kwa muda mrefu wakifundwa, na kutoka kwake kulihusu sketi za ngozi zilizojazwa shanga mstari kwa mstari. Marmo iliachwa karibu na miaka ya 1930. Sketi zenyewe hazikufa, mpaka leo kwenye harusi za kwetu bibi harusi anaweza kutoka na ngozi na shanga ukumbi mzima ukasimama. Lakini nyingi za zamani ziko kwenye makumbusho na kwa wauzaji wa vitu vya sanaa Ulaya na Marekani. Kwa jirani zetu Wabarbaig, ambao ni Wadatoga, mwanamke aliyeolewa ana sketi yake ya ngozi, hanang'wenda, na ile si vazi la kuchezea. Ina heshima ya ndoa na uzazi ndani yake. Mama mmoja aliyekubali kutuletea ya mama yake mzazi ametoa sharti moja: isitundikwe ukutani kama shati la mtumba. Italazwa, na yeye atakaa pembeni yake.

Sasa mnisikilize hapa, maana hapa ndipo mie nilipoegemea upande. Mwaka 1967 Kijiji cha Makumbusho kilifunguliwa Dar es Salaam, na nyumba za asili za makabila, ili watu wa mjini wajue wenzao wanaishije. Safi. Mwaka huohuo na uliofuata, katika mkoa wa Arusha, ambao Mbulu na Hanang zilikuwa ndani yake mpaka Manyara ilipoundwa mwaka 2002, kukawa na operesheni ya mavazi. Walengwa hasa walikuwa Wamaasai: vua ngozi, vua lubega, vaa suruali, ni aibu kwa taifa. Yaani serikali moja, mwaka mmoja, mkono wa kulia unajenga kibanda cha kuonesha maisha ya asili kwa wageni na mkono wa kushoto unamkataza mwenye maisha hayo asipande basi akiwa amevaa ngozi yake. Halafu leo mimi mjukuu nije nimwambie, bibi, ile ngozi tuliyokuona mshamba nayo tumeiweka mezani, toa buku uione?

Na vile ambavyo havikuwekwa mezani vilipata nini? Basotu, miaka ya 1970 na 1980, yalifunguliwa mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO kwa msaada wa Kanada, kiasi cha ekari 100,000. Wabarbaig walipoteza malisho, na trekta zikapita hata juu ya makaburi ya wazee wao, yale ya matuta ambayo kwa Mdatoga ni mahali patakatifu. Kesi zikaenda mahakamani. Naleta hili kwa ajili ya wale wanaosema maonesho ni starehe tu. Tuta la kaburi kwa asiyejua ni kichuguu. Kama watoto wa injinia wa shamba lile wangewahi kuoneshwa, sijui, labda hesabu zingekuwa nyingine. Labda.

Haya, turudi kwenye hela. Makopo ya mwalimu wetu yenyewe ni historia ya viingilio vya kila aina. Kuna rupia ya Wajerumani yenye kichwa cha Wilhelm wa Pili na kofia ya chuma yenye tai. Kuna heller, maana mwaka 1904 waliacha kugawa rupia kwa pesa 64 wakaigawa kwa heller 100. Kuna senti kumi ya Mwingereza yenye tundu katikati. Na kuna zile za kwetu za 1966: senti 5 na samaki, senti 20 na mbuni, senti 50 na sungura, na shilingi yenye mwenge. Kipenzi changu ni kisarafu kibaya, kizito, cha heller 20, kilichogongwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli vita ilipokuwa imewabana Wajerumani. Kimepinda pinda. Mwalimu anasema baba yake alikipata kwa kuuza ng'ombe. Hiyo sarafu ukiiona kwenye picha ya intaneti huielewi, lazima uishike. Tena ni sehemu ya ubishi wetu, maana kitu cha kushikwa kinahitaji mtu wa kukilinda, na mlinzi anahitaji posho. Bure haipo. Kuna mtu analipa, ni suala la nani tu.

Kwa hiyo nani? Jibu mie sikulipata kwenye kitabu, nilikumbuka mnada.

Kwa wasiojua, mnada wa kwetu ni zaidi ya soko. Mnada wa Katesh ukifika, watu wanatoka Basotu, Endasak, Balangida, wengine wanatembea na mifugo tangu jana yake. Kuna ng'ombe, mbuzi, nyama choma, mitumba, dawa za mifugo, viatu vya tairi, bangili za shaba, ngozi za shanga, wazee wanamaliza kesi, vijana wanatafuta wachumba. Kama kuna maonesho makubwa ya vitu na watu katika wilaya ile, ni hayo. Na hayana geti. Hakuna anayekuuliza tiketi. Mzee anaweza kuja asinunue hata pipi, akazunguka siku nzima akitathmini pembe za madume ya watu, akaondoka ameridhika. Anayelipa ni mwenye biashara: aliyepanga mitumba analipia eneo lake, aliyeuza ng'ombe anakatwa ushuru wa halmashauri. Kisa ni rahisi tu. Wote wale wanaozunguka bure ndio wanaofanya mnada uwe mnada. Ukiweka buku getini, nusu yao wanabaki nyumbani, na muuza mitumba hana wa kumuuzia.

Nilipoangalia wenzetu wa hobi huko Marekani nikakuta wengi wamefika palepale pa mnada. Kwenye maonesho yao ya stempu na sarafu, wafanyabiashara wanakodi meza, na hizo meza ndizo zinazobeba gharama kubwa. Maonesho makubwa ya stempu ya American Philatelic Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1886, mtu anaingia bure. Wenzao wa sarafu, American Numismatic Association, chama cha mwaka 1891, kwenye maonesho yao makubwa wanachama wanaingia bure na wasio wanachama wanatoa kiingilio. Tazama hapo: ile maana ya zamani ya pwani imerudi, kiingilio cha kukufanya mtu wa ndani. Hata Sabasaba pale Dar, ambako kila mwaka watu wanalalamikia tiketi ya getini, makampuni yenye mabanda nayo yanalipia nafasi. Geti ni nyongeza tu.

Sasa kwetu Katesh nani atakodi meza? Nimewaambia kamati: wauza bangili na shanga, wapiga picha, wenye vitabu, na wale wanunuzi wa vitu vya kale. Hapo kwa wanunuzi ndipo tulipozozana upya, na mie nimekaza. Wanunuzi wale wakipewa meza karibu na sketi ya mama, jioni sketi imeshauzwa, na sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 haitakuwepo pale kumshika mtu mkono. Hela ya meza yao ni nzuri, sikatai. Ila mie ningewakatalia hata wakitoa mara tatu. Wauze bangili mpya, shanga mpya, chakula. Kitu kilicholetwa kuoneshwa kisiwe na bei siku hizo mbili.

Kundi la buku wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Wanasema cha bure hakiheshimiwi, watu watakuja kupiga soga na kuchezea vitu. Na wanatoa mfano wa harusi: kwetu bila mchango hupati kadi, bila kadi huingii, na hakuna anayelalamika kwamba utamaduni umeuzwa. (Wanalalamika, ila wanachanga, teh teh.) Lakini mchango wa harusi si kiingilio. Unachanga kulingana na uwezo, wapo wanaoleta mbuzi, wapo wanaokuja kupika siku mbili, na mama mzazi wa bwana harusi haombwi kadi mlangoni. Basi tuige hivyo. Kuwe na kisanduku, mwenye jero atie, mwenye elfu kumi atie, mwenye kibuyu cha zamani akilete kwa siku mbili, hicho ndicho kiingilio chake. Na mgeni anayekuja na gari la utalii kupanda mlima Hanang, huyo alipe bei ya maana na apewe risiti. Makumbusho yetu ya taifa nayo yana bei mbili, ya mwananchi na ya mgeni. Programu za utalii wa utamaduni zilizoanza miaka ya 1990 kwa msaada wa SNV ya Uholanzi nazo zilikuwa na kifungu cha mgeni kuchangia kijiji. Si jambo geni.

Hesabu yetu haitishi hata hivyo. Ukumbi tumeahidiwa kwa bei ya kirafiki, walinzi ni sisi wenyewe kwa zamu, usafiri wa vitu kutoka Dongobesh na Haydom ndio mzito, pamoja na chakula cha wazee watakaokaa na vitu vyao. Nimepiga: meza kumi na tano za wauzaji zinabeba zaidi ya nusu. Iliyobaki tuchangishane hapahapa bumu likitoka. Kundi la buku wao walipigia watu elfu moja wanaolipa. Elfu moja! Katesh, siku isiyo ya mnada, kwa buku? Kipindi cha kusubiri mavuno? Jamani. Bei ikipandishwa mlangoni haizidishwi na idadi ileile ya watu, hata Waingereza wa 1851 walilijua hilo ndiyo maana walishusha.

Na kushusha peke yake hakutoshi. Mfano wa Murumbi unanifundisha tofauti. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, alikaa kwenye kiti hicho mwaka 1966 kwa miezi tu. Alikuwa mkusanyaji wa kweli, vitabu, sanaa, nguo, stempu za Afrika, maelfu na maelfu. Mkusanyo wake aliuachia serikali ya Kenya, na nyumba yake ya Muthaiga alitaka iwe kituo cha kusomea mambo ya Afrika. Vitu vingi vimesalimika, ukienda Nairobi unaviona, kwenye jengo la nyaraka za taifa na Nairobi Gallery. Nyumba haikusalimika, kiwanja kilikatwa katwa. Alifariki mwaka 1990 akiwa ameyaona hayo. Bei ya mlango haikumsaidia wala haikumwangusha, kilichokosekana ni mtu wa kuwajibika na nyumba. Kwa hiyo nimeomba kwenye kamati daftari moja: kila kitu, jina la mwenye nacho, kimetoka nyumba gani, kinarudi lini, nani kasaini. Wakasema hilo ni la karani. Sawa, mie ndiye karani.

Jambo la mwisho, na hili sikulisema kikaoni kwa sababu sauti ilikuwa inanikataa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka mlima Hanang yakapiga Katesh, Gendabi, Jorodom na jirani zake. Walifariki watu zaidi ya 80. Waliobaki wengi walibaki na nguo walizovaa. Hakuna aliyehesabu picha za harusi zilizokwenda, vyeti vya ubatizo, vibuyu vya maziwa vilivyorithiwa, kopo la sarafu chini ya kitanda. Meza moja ya maonesho yetu tumeiacha kwa ajili hiyo. Tumeomba ndugu waliopo Babati, Arusha, Dar, yeyote mwenye picha ya zamani iliyopigwa kwenye nyumba au mtaa ule, ailete tuitoe kopi, na kopi ya pili aichukue bure mtu ambaye nyumba yake imo kwenye picha. Mpaka jana zimefika 41. Moja ni ya mwaka 1983, bati jipya, mbwa, watoto sita wamesimama wima kama askari. Mmoja wao tumempata, yupo hai, anauza mbogamboga pale sokoni. Amesema atakuja siku ya kwanza, saa mbili asubuhi, kabla hatujafungua.

Kikao cha kura ni Jumamosi saa kumi, chini ya mwembe uleule. Wa Mbulu na Hanang msikose.